Ukuta wa Mbele wa Nyumba ya Awindiri

Siku ile walikuwepo hawa. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, aliyefika kutoka Koboko asubuhi akiwa amevaa kanzu yake ya Idi ingawa haikuwa Idi. Mzee mmoja wa ukoo, binamu wa babu, asiyesikia vizuri lakini ambaye kikao hakianzi bila yeye. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, fundi wa ujenzi, ambaye siku hiyo hakutaka kumtazama mtu usoni. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliyekuwa likizo kutoka shuleni kwake upande wa Ediofe. Jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, aliyesema amekuja kuwa shahidi, nasi tukajua amekuja kwa ajili ya chai. Bibi wa Koboko, rafiki wa marehemu bibi yetu, pamoja na wanawake watatu wa huko aliokuja nao. Na mimi, mtoto wa kwanza.

Nimewataja wote kwa makusudi. Baba mkubwa alipokuwa akiwasimulia watu habari za siku ile, orodha yake iliishia kwa jirani.

Kikao kilikuwa cha kuamua kama nyumba ibaki au ibomolewe.

Ni nyumba ya zamani, ya matofali mabichi, yenye kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Aliijenga babu wa baba yetu, askari aliyekuja na jeshi kutoka Sudan na hakurudi. Kwanza ilikuwa na paa la nyasi, baadaye mabati. Zamani mtaa wetu wa Awindiri ulikuwa na nyumba nyingi za namna hiyo. Tangu Arua iitwe jiji, zimeondoka moja moja, na mahali pake yamesimama maduka na nyumba za wageni zenye vioo vya buluu. Yetu imebaki. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amemwendea baba mkubwa Koboko kutaka kiwanja, na baba mkubwa alikuwa hajakataa.

Kwangu mimi nyumba ile haikuwa historia ya mtu yeyote. Baba alipofariki, na mama akamfuata, watu wa ukoo walikaa kwenye baraza yetu wakatugawa. Mdogo wangu wa kiume angekwenda Koboko, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado mgongoni, angekwenda Yumbe kwa shangazi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Bibi yetu alisikiliza mpaka wakamaliza, akasema, "Nyumba iko. Watoto watabaki kwa nyumba." Basi tukabaki. Niliacha shule, nikaanza kukaanga mandazi kwenye baraza ile ile walikotugawa, na sikurudi tena darasani. Wadogo zangu walisoma. Kama nyumba isingekuwepo, leo ningekuwa na ndugu ninaowaona kwenye misiba tu.

Bibi ndiye aliyenifundisha kazi ya kuta. Kila kiangazi, mvua zikishakatika, tulikwenda Logiri kuchimba udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo wa mjini una mchanga mwingi na haushiki. Tuliuponda, tukauchekecha, tukauloweka pamoja na nyasi zilizokatwa fupi, tukauacha uchache mpaka ukaanza kunuka. Kisha wanawake wa Koboko walikuja, tukapaka. Tabaka la kwanza hurushwa kwa nguvu ukutani. La pili hutandazwa kwa kiganja. La mwisho ni jembamba, la samadi na majivu. Mwishoni kabisa hupita mwanamke mmoja, mkubwa kuliko wote, akiwa na jiwe laini la mtoni, akausugua ukuta mzima mpaka usione tena ni mkono wa nani ulipita wapi.

Bibi alilihesabu hilo jiwe kuwa heshima. Kila mwanamke ana namna yake ya kutandaza. Wengine wanavuta vidole kutoka kushoto, wengine wanazungusha kama mtu anayefuta sinia. Ukuta ukiachwa na alama hizo, bibi alisema, watu watadhani waliopaka walikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Kwa hiyo kila mwaka walifanya kazi, na kila mwaka walimaliza kwa kuifuta.

Shida yetu ilianza kwa mapenzi. Mwaka mmoja kabla ya kikao, nilikwenda Koboko kwenye harusi, nikakaa huko siku kadhaa. Mdogo wangu alikuwa amepata kazi nzuri kwenye jengo la ghorofa, na alikuwa amenunua saruji kwa mshahara wake. Niliporudi nilikuta ukuta wa mbele wote umepigwa plasta ya saruji, umechorwa mistari ili ufanane na tofali za bloku. Alikuwa amesimama kando yake, na mwiko bado mkononi.

"Dada, sasa hautapaka tena," alisema. "Pumzika mgongo."

Nilimwambia ni mzuri, nao kweli ulikuwa mzuri. Pia nilimwambia naogopa, kwa sababu bibi hakuwahi kuruhusu saruji iguse ukuta ule. Akacheka. "Bibi hakuwa na hela ya saruji."

Mvua za kwanza hazikufanya kitu. Za pili, ukuta ulianza kuota unyevu chini, mstari mweusi kama ule unaobaki ndani ya sufuria. Ukiugonga, ulilia kama debe. Maji yaliingia kupitia ufa mdogo karibu na dirisha na hayakuwa na pa kutokea. Udongo nyuma ya saruji uligeuka kuwa uji. Siku moja kipande kikubwa kama mlango kilivimba, kikaegemea nje.

Baba mkubwa alikuja kuona. Alikisukuma kwa fimbo yake, kikatoa maji.

"Nyumba imekwisha," alisema. "Si mimi nimesema. Yenyewe imesema."

"Ukuta mmoja unaumwa," nilimjibu. "Nyumba haijaisha."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, baba mkubwa. Mimi ni mwenye kuishi humu."

Aliifuta fimbo yake kwenye nyasi. Hakuwa mtu mbaya. Ana watoto wengi, na kiwanja cha Awindiri kingewasaidia. Akasema mvua zikiisha ataitisha kikao, na kwamba hata kikikaa leo, yeye anajua jibu lake.

Nilimpigia simu bibi wa Koboko jioni hiyo. Nilimweleza. Akauliza, "Mutu gani alifunga ukuta na saruji?"

"Mdogo wangu, bibi."

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Basi awe na nguvu. Atabandua mwenyewe. Mimi nakuja kiangazi."

Alikuja kweli, na jiwe la mtoni limefungwa kwenye kona ya kanga yake. Wanawake watatu waliomfuata ni binti zake wawili na jirani yake mmoja, wote wenye mikono mipana ya kazi. Mdogo wangu alibandua saruji kwa sululu, kipande kwa kipande, huku bibi wa Koboko ameketi kwenye kigoda akimwelekeza.

"Polepole! Unavunja nyumba ama unavua samaki?"

"Nabandua, bibi."

"Hiyo saruji ulipiga kwa raha. Sasa bandua kwa adabu."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia akacheka mwishowe, na nilifurahi, kwa sababu tangu ukuta uvimbe alikuwa anakula chakula chake peke yake nyuma ya nyumba. Tuliuacha ukuta uchi mpaka ukakauka. Tukajaza mashimo kwa matofali mabichi mapya. Tukarusha tabaka la kwanza, tukasubiri, tukatandaza la pili. Siku ya kikao ilipofika, tulikuwa kwenye tabaka la mwisho.

Sasa nieleze utaratibu wa vikao vya nyumba hiyo, maana bila huo hutaelewa kilichotokea. Babu wa baba aliweka desturi kwamba jambo la nyumba linaamuliwa na watu walioifanyia nyumba kazi, na hao hukaa ndani, kwenye mkeka wa sebuleni. Wengine husikiliza kutoka barazani. Kabla ya lolote, kila aliye ndani husema alifanya nini. Na hakuna kinachofanyika mpaka wote walioketi mkekani wakubali. Desturi ni nzuri. Ila tangu nizaliwe sikuwahi kumwona mwanamke kwenye mkeka ule. Bibi, aliyeipaka nyumba ile maisha yake yote, alikuwa akiingia na sinia la chai na kutoka.

Baba mkubwa alifungua kwa dua. Kisha akaanza kuhesabu.

"Marehemu babu yetu alijenga. Marehemu baba yangu aliweka huu mlango, mbao ya mvule, mpaka leo haujaliwa na mchwa. Marehemu mdogo wangu aliezeka mabati haya ya sasa. Mimi niliweka dirisha hilo la upande, na rangi ya milango."

"Rangi gani?" aliuliza mzee asiyesikia.

"Ya kijani, mzee!"

"Ah. Ilikuwa mbaya."

Jirani alikohoa ndani ya kikombe chake. Baba mkubwa akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe?"

"Mimi nilipiga saruji," alisema, kwa sauti ya chini.

"Hiyo tumeiona."

Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Niliiweka chini. Nilitoka nje, ambako bibi wa Koboko na wenzake walikuwa wanatandaza samadi na majivu kando ya dirisha, nikawaambia, "Ingieni ndani mkae mkekani."

"Ndani wapi?" aliuliza binti yake mkubwa. "Kwa wazee?"

"Kwa mkeka. Wanahesabu kazi."

Walitazamana. Bibi wa Koboko aliinuka, akashika goti, akaingia. Wenzake wakamfuata, na mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa akiwachotea maji, nikamvuta mkono naye akaingia. Mikono yao ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko.

"Wakanawe kwanza," alisema baba mkubwa. "Mkeka huu ni wa kuswalia pia."

Bibi wa Koboko alikuwa ameshaketi, viganja vimeelekea juu magotini ili visiguse mkeka.

"Tukinawa," alisema, "utasema hatukufanya kazi."

Mzee asiyesikia akacheka. Ajabu, hilo alilisikia.

Baba mkubwa hakukasirika. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba kupaka ni kazi kweli, ila ni kazi ya nyumbani, kama kuosha vyombo na kufagia. Kila mwanamke anafanya kwake. Haihesabiwi kama kujenga, kwa sababu aliyejenga amejenga mara moja ikabaki, lakini aliyepaka, mwaka ukipita, hakuna alama.

"Hakuna alama kwa sababu tunafuta," alisema bibi wa Koboko. "Baba, huu mlango wa baba yako ni mzuri. Mimi nausifu. Wakati sisi tumerudi kutoka Congo, kule tulikimbilia vita, mlango ulikuwa wapi?"

Baba mkubwa aliutazama mlango, na bibi akajibu mwenyewe.

"Uliibiwa. Tuliukuta kwa mutu anafungia mbuzi, mama yako akaenda akaukomboa kwa maneno tu, alipiga kelele mpaka yule mutu akachoka. Na mabati ya zamani?"

"Yaliibiwa pia."

"Basi nyumba ilikuwa na nini?"

"Kuta," alisema baba mkubwa.

"Kuta bila paa, mvua inakula kutoka juu. Wanaume walikuwa bado ng'ambo, wengine tulishawazika huko. Mimi na mama yako tulilala chini ya turubai moja kule, tukaahidiana: tukirudi, tutapaka kwako, tutapaka kwangu, mpaka mmoja afe. Tulianza hapa kwa sababu hapa palikuwa pabaya zaidi. Tulifunika vichwa vya kuta na nyasi, tukapaka, mvua ikabomoa, tukapaka. Ungekuta udongo mtupu, mwanangu. Ungeweka dirisha lako la kijani juu ya kichuguu."

"Dirisha si la kijani, ni milango," alisema baba mkubwa, lakini alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja.

"Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa unabeba maji. Ulikuwa unalia kwamba ndoo inakuumiza kichwa, mama yako akakusukia kata ya majani ya mgomba."

Hapo alitazama chini. Akawa anavuta uzi wa kanzu yake. Nadhani alikuwa ameisahau ile kata, au alikuwa ameiweka mahali asipopita mara kwa mara.

Nilisema nilichotaka kusema, nikiwa bado nimesimama. Nilisema siombi huruma kwa ajili ya yatima. Nilisema utaratibu wake yeye mwenyewe ndio ninaoushika: walioifanyia nyumba kazi wakae, waseme, na wasipokubali hakuna kitu. Basi na waulizwe.

Waliulizwa. Binti mkubwa wa bibi wa Koboko alisema amekuwa akipaka nyumba hiyo tangu akiwa msichana na hataki ibomolewe. Mdogo wake akasema vivyo hivyo. Jirani yao akasema yeye ni mgeni kwenye kazi, amepaka mwaka huu tu, ila mgongo wake hauijui tofauti, naye hakubali. Mdogo wetu wa mwisho alisema, "Nimebeba maji," akamtazama baba mkubwa, na watu wote wakaangua kicheko, baba mkubwa akiwa wa kwanza. Mimi nikasema sikubali. Mdogo wangu akasema hakubali.

Baba mkubwa alishusha pumzi. "Mwenye duka nitamwambia nini?"

"Mwambie mkeka umejaa," alisema mzee asiyesikia.

Nyumba ikabaki. Lakini baba mkubwa aliweka neno lake: ukuta wa mbele ukivimba tena, atarudi na fimbo. Nilimwambia arudi tu, atakuta chai.

Tulipotoka nje, tabaka la mwisho lilikuwa limeanza kushika, na wakati wa jiwe ulikuwa umefika. Bibi wa Koboko alilifungua kutoka kwenye kanga, akalilowesha. Nilimshika mkono.

"Bibi, hapa pembeni mwa mlango usisugue."

"Kwa nini?"

"Paachwe hivyo hivyo. Mikono ionekane."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba atembee sokoni bila kanga. "Watu watasema sisi wavivu."

"Watakaosema nitawajibu."

"Bibi yako angekupiga."

"Angenipiga. Bado usisugue."

Tulibishana hapo mbele ya watu wote, yeye na jiwe lake linalotiririka maji, mimi nimesimama kati yake na ukuta. Nilimkumbusha maneno ya ndani: hakuna alama. Alisema hayo ni maneno ya wanaume, ukuta haujali. Nikasema mimi najali. Niliona mmoja wa wanawe amekwenda karibu na mlango na anatazama mivuto ya vidole vyake mwenyewe, ile inayotoka kushoto, kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha duka.

Mwishowe bibi wa Koboko aliupitishia jiwe ukuta wote, kuanzia kona ya mashariki, akakaza kweli kweli, mpaka ukang'aa. Alipofika karibu na mlango alisimama. Aliacha kipande cha upana wa mtu kutoka juu mpaka chini. Kisha akaongeza kitu ambacho sikukiomba: alichota udongo kidogo, akautandaza hapo kwa mtindo wa kuzungusha, na nikaujua mara moja. Haukuwa mkono wake. Ulikuwa mkono wa bibi yetu.

"Nimemwigiza," alisema. "Sasa nipe chai."

Ukuta umepita misimu ya mvua tangu hapo, na haujaota unyevu. Wageni wakija, baba mkubwa bado anaanza na askari na mlango wa mvule. Nikiwa karibu nakohoa, naye anasema, "Na hapo pembeni ni wanawake," kisha anawaonyesha, na siku hizi anajua hata mivuto ipi ni ya nani. Akikosea namsahihisha.

Lakini ile ahadi ya chini ya turubai ilikuwa na pande mbili. Miaka ile bibi yetu alipokuwa kitandani, wanawake wa Koboko walikuja kwetu kila kiangazi, na hakuna aliyetoka kwetu kwenda kwao. Nyumba ya bibi wa Koboko ni ya zamani kama yetu, na hana tena mtu wa kumsaidia isipokuwa wale binti, ambao wana nyumba zao. Hakudai. Alipokuwa anaondoka siku ile alisema tu, akifunga jiwe lake, "Kwangu pia kuna kuta."

Kiangazi kilichofuata tulikwenda sote watatu. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini, akaja na suruali ya zamani, akapaka udongo kwa viganja huku wapita njia wakimwita mama fulani, naye akiwaitikia. Tulipaka mbele, tukapaka pande zote mbili. Kisha mvua ikaja mapema, kabla hatujafika nyuma, na ukuta wa nyuma ndio unaotazama upande mvua inakotoka. Tuliufunika kwa nyasi na turubai. Bibi wa Koboko alisema imetosha. Haijatosha.

Jana nilimpigia. Nikamuuliza hali yake, akanijibu, "Mimi niko. Ukuta wangu unakusalimia." Udongo wa Logiri umeshafika, uko kwenye magunia nyuma ya nyumba, mdogo wetu wa mwisho ameanza kuuponda. Mvua zikikatika tunakwenda. Ukuta wa nyuma bado.